Mkono na Shela

Mara mbili Mwanaidi alikuwa amehamisha kanda ya harusi yao kutoka kwenye kamera kuukuu kwenda kwenye kompyuta, na mara zote mbili picha ziliruka palepale: Kheri ananyoosha mkono kumfunua bibi harusi, kisha ghafla shela limeshafunuliwa na wanawake wanapiga vigelegele.

"Kompyuta yako inanisitiri," Kheri alimwambia mkewe huku akicheka.

"Inaelemewa, Baba Shani. Inaimba miziki yako huku inanasa kanda, ndiyo maana picha nyingine zinaiponyoka."

Tangu waoane, Mwanaidi alikuwa akimtania kwamba siku ile mkono wake ulitetemeka kama wa mwizi aliyekamatwa. Kheri alikana katakata. Leo ushahidi lazima upatikane, maana kanda ilikuwa imechakaa na huenda isingekubali kuchezwa tena.

Mwanaidi akanyamazisha miziki, akazima intaneti, akafunga kila programu isipokuwa ile ya kunasia video. Kipanya akakisogeza mbali na mumewe.

"Usiguse kitu. Hata kupumua, pumua kidogo."

Kanda ikaanza kuzunguka. Safari hii picha zikatiririka bila kuruka hata moja. Mkono wa Kheri ukajitokeza, ukaenda taratibu, umetulia tuli.

Lililokuwa likitetemeka ni shela.

"Ehee!" Kheri akaruka kutoka kitini. "Kumbe mwizi ni nani?"

Mwanaidi akajifunika uso kwa kanga, akicheka mpaka mabega yakamtikisika. Kanda bado inazunguka, Kheri akainama mbele yake na kunyoosha mkono, taratibu, kama siku ile.