Nisomee Tena

Joha alikuwa ameshashika kalamu kusaini fomu ya kukubali kutolewa mimba. Daktari alikuwa amemweleza kwa Kiingereza kwamba moyo wake hautahimili mimba ile, naye aliitikia tu.

Nesi, mwenyeji wa Tanga, akamshika mkono. "Dada, usisaini kitu usichokielewa. Nikusomee kwa Kiswahili?"

Akamsomea taratibu hatari za kuitoa mimba, hatari za kuibeba, na haki yake ya kukataa. Joha akamkumbuka mama yake kule Pangani, akipepeta mchele huku akimsimulia bila haraka. Tangu aje Dubai, mambo mazito yote aliambiwa kwa lugha ya kazini.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada. Hebu nisomee tena."

Nesi akaanza upya. Safari hii Joha alilia, na aliposomewa mstari wa mwisho, akasaini.