Fungu la Jumamosi

Mama alimshika Bi Kapu mkono, akagoma kumwachia. Foleni nyuma yao ikasimama.

"Umekonda, mwanangu," Mama alisema. "Nani anakusuka siku hizi?"

Watu wakaangua kicheko. Bi Kapu, mwenye shamba, alikuwa amenyoa nywele zote. Yeye hakucheka. Alizidi kukodolea macho mafungu ya karoti yaliyopangwa mezani.

"Samahani, dada," alisema Fundi, mwanawe aliyemleta, uso ukimwaka kwa haya. "Kumbukumbu zimeanza kumtoka."

Bi Kapu aliuchomoa mkono wake polepole. "Mpeleke bibi huyu kivulini," alisema.

Watu wote wa foleni ile walimwita Mama. Bi Kapu peke yake hakuwahi.

Kujiunga na mpango ule wa mboga lilikuwa wazo la Mama mwenyewe, siku ambazo akili yake ilikuwa bado timamu. Wanachama hulipa mwanzoni mwa msimu, kisha kila Jumamosi huenda shambani kuchukua fungu lao. Mvua ikigoma, wanagawana hicho hicho kidogo kilichopo. Fundi alipinga. Soko lilikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani, kwa nini wapande basi kufuata mchicha? Lakini Mama, mkunga mstaafu aliyezoea kuamrisha wodi nzima, hakutaka kusikia. Alitaka shamba lile, si jingine. Uzee huo, Fundi aliwaza, akajiandikisha. Tangu apate akili walikuwa wawili tu duniani, yeye na Mama, na hakujua kumkatalia.

Sasa ugonjwa ulikuwa umempora Mama kila kitu isipokuwa Jumamosi. Alisahau jiko likiwaka. Alisahau mtaa aliokaa miaka yote. Lakini Jumamosi aliamka kabla ya jogoo, akachana nywele, akaketi karibu na mlango na kapu mapajani kama mtoto anayesubiri kupelekwa matembezini.

Jioni ile, Fundi alimkuta akificha karoti chini ya mto.

"Za nani hizo, Mama?"

"Za mwanangu. Anapenda kuzitafuna mbichi."

"Mwanao si mimi hapa?"

Mama alimtazama kwa huruma. Akamfuta shavuni vumbi la plasta, maana Fundi alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha uani na vumbi lile halikumwisha mwilini. "Wewe mtoto wa watu unajichosha mno. Umekula?"

Ndivyo alivyombembeleza tangu utotoni, kila alipoanguka au kushikwa na homa. Safari hii Fundi alikwenda bafuni, akafungua bomba hadi mwisho ili kilio chake kisisikike. Mtu mzima mimi, alijisuta, namwonea wivu muuza mboga!

Siku moja katikati ya wiki, alikuwa anasugua meno ya bandia ya mteja alipogundua kwamba nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Alitoka mbio. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Alimtafuta dukani, zahanati, kwa majirani. Kituoni, muuza maji alimwambia kwamba bibi mmoja mwenye kiatu mguu mmoja alikuwa amepanda basi la kwenda mashambani.

Fundi alifika shambani roho mkononi.

Mama alikuwa ameketi juu ya kreti mbele ya nyumba ya Bi Kapu, ameegemea ukuta, amepitiwa na usingizi. Bi Kapu alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamwosha miguu katika beseni. Nyuma yao, tuta zima la miche ya kabeji lilikuwa limevurugwa.

"Dada, Mungu akubariki," Fundi alisema, akihema. "Miche nitakuja kuipanda upya mimi mwenyewe."

"Si miche." Bi Kapu hakuinua kichwa. "Mtoe kwenye mpango. Usimlete tena."

"Nisimlete? Hana furaha nyingine!"

"Nimesema usimlete."

Hasira zikampanda Fundi. Usiku ngapi alikesha, nguo ngapi alifua, na mgeni huyu aliyependwa bure anaringa! "Anakuita mwanangu, basi," alisema. "Mgonjwa huyu. Ungepungukiwa nini ukiitika tu?"

Bi Kapu aliuweka mguu mmoja wa Mama juu ya taulo, akauchukua wa pili.

"Nikiitika sitaweza kunyamaza tena," alisema. "Mimi ni mwanawe. Wa kumzaa."

Fundi aliketi chini, kwenye udongo uleule. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hasira yote ilimtoka, mahali pake pakaingia kitu kilichokaribia kuwa furaha.

"Kwa hiyo mimi na wewe ni ndugu," alisema. "Nina dada! Mbona hakuniambia? Mbona alikuacha?"

Bi Kapu hakuacha kuosha. Alikuwa anautoa udongo katikati ya vidole vya Mama, kimoja kimoja, kwa uangalifu asimwamshe.

"Kuna mzazi alifia mikononi mwake wodini," alisema. "Kichanga hakikuwa na wa kukichukua, akaja nacho hapa nyumbani. Baba hakutaka kukiona. Akamwambia achague: akirudishe kilikotoka abaki na mimi, au aondoke nacho na asinione tena."

Akaufunika mguu wa Mama kwa taulo.

"Nilisimama hapo mlangoni, nikamtazama akiondoka na wewe mgongoni."