Redio ya Mbweha

Leo asubuhi nilikuwa nazungukia viota vya bata wetu wa baharini, fimbo nimeinyanyua juu ya kichwa ili buabua, wale ndege wakali wa baharini, wadonoe fimbo, wasinidonoe mimi.

Kufika kwenye nguzo tunapotundika redio ya kumfukuza mbweha, redio haipo.

Redio ile hubwabwaja habari za Reykjavík, mji mkuu wetu, usiku na mchana, mbweha adhani kuna watu. Jana kaka Sverrir aliitaka akasikilizie mpira kwenye boti, nikamkatalia.

"Wee mtoto, mbweha gani anafuatilia taarifa ya habari?" akanicheka.

Basi huyo hapo mbweha, hatua ishirini tu, kajilaza kando ya jiwe. Buabua walimdonoa mpaka masikio yakamlala, lakini hakung'oka. Miguuni pangu bata jike alikuwa ametulia tuli, na chini ya kifua chake yai moja limeshatoboka. Kidomo kinachungulia.

Ningekimbilia nyumbani, ningerudi nikute manyoya tu.

Mimi hata mwalimu akiniita jina naitikia kwa kunong'ona. Nikafumba macho, nikaimba kwa sauti yote. Nilipofumbua, mbweha alikuwa amerudi nyuma hatua mbili. Nikanyamaza nivute pumzi, akasogea tatu.

Baada ya saa nzima nikamwandikia Sverrir kwenye simu kwa mkono mmoja, huku naimba: "Kaka, rudisha redio SASA HIVI! Nyimbo zimeniishia. Naimba za Krismasi, na huu ni mwezi wa sita!"

Akausoma ujumbe. Nikaanza tena wimbo wa kwanza, mbweha bado ananitazama.