Tutaongea Ukifika

Rubani alimpandisha Shadya kwenye mzani akiwa na koti, buti na begi mgongoni, akampima mzima mzima kama gunia la pamba. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubeba watu wachache, na chini badala ya magurudumu ilikuwa na mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji.

"Haraka, jamani," rubani alisema. "Ukungu unakuja. Tusipoondoka sasa, hatuondoki tena wiki hii."

Shadya alizaliwa Shinyanga mjini. Kazi aliianzia Rwamgasa, kwenye kuchambua mawe ya dhahabu, na sasa alikuwa anakwenda kuchambua barafu kwenye kituo cha utafiti karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Mtaani kwao walimcheka. Barafu si ipo hapo dukani kwa Mangi? Mama yake ndiye aliyewanyamazisha. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na alijivunia kila alichofanya.

Kule kituoni hakukuwa na mtandao wa simu. Ndege ingewashusha, igeuze, na isirudi kuwachukua mpaka majira ya joto yaishe.

Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi simu ilipoita. Mjomba Abdulhalim, kaka wa mama yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Uko na nani hapo?"

"Na wenzangu. Ndiyo tunapanda ndege."

"Umekaa?"

"Mjomba, kuna nini?"

"Hakuna neno. Mama yako anaumwa kidogo. Hiyo safari iache, urudi nyumbani."

"Anaumwa nini?"

"Aa, tutaongea ukifika. Anakuulizia sana."

"Nipe niongee naye."

"Amelala."

Nyuma ya sauti ya mjomba zilisikika sauti nyingine nyingi, za wanawake wakizungumza polepole, na sahani zikigongana.

"Hao ni akina nani?"

"Majirani. Wamekuja kumwangalia." Abdulhalim akakohoa. Sauti ilikuwa imemkauka. "Wewe jikaze tu, mwanangu."

Hapo Shadya hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kwao mtu aliye mbali hapewi msiba kwenye simu. Ataanguka njiani, atagongwa na gari, nani atamshika? Anaambiwa fulani anaumwa kidogo, njoo, anakuulizia. Mengine atayakuta mwenyewe.

Alishayakuta. Alipokuwa anasoma Dodoma, mjomba huyu huyu alimpigia na maneno haya haya: baba yako anaumwa kidogo. Shadya akanunua zabibu za kumpelekea mgonjwa, akazipakata kwenye basi safari nzima zisipondeke. Aliposhuka alikuta turubai uani na viti vya plastiki, na baba amezikwa jana yake. Zabibu zikaliwa na waombolezaji. Siku ile alilia kwa uchungu, akalia na kwa hasira, maana kila mtu alijua isipokuwa yeye. Akaapa hatadanganywa tena namna ile.

"Shadya? Upo?"

"Nipo, Mjomba."

Alijaribu kufikiri. Mama alikuwa mzima. Mwezi uliopita alilalamika miguu kuvimba, akasingizia viatu, wakacheka. Sasa hata akikimbia, ni ndege juu ya ndege mpaka Mwanza, halafu barabara mpaka Shinyanga. Na wao, Waislamu, hawaweki maiti. Kabla hajafika hata nusu ya njia, mama angekuwa ardhini. Angeonyeshwa udongo mbichi, aambiwe ndiyo huyo. Kuona uso wake kusingewezekana kwa vyovyote, na hilo ndilo pekee alilolitaka.

Rubani alimpungia mkono. Mapanga ya injini yalianza kuzunguka na theluji ikaruka usoni.

"Nimeelewa, Mjomba," alisema, machozi yakimtoka. "Nyie endeleeni. Msinisubiri. Nitamwombea huku huku."

"Umeelewa nini? Shadya, hebu..."

Akakata. Simu ikaita tena, jina la mjomba likawaka kwenye kioo. Hakuwa na nguvu za kusikia tena kwamba mama amelala. Akaizima, akaitia mfukoni, akapanda.

Ndege iliteleza, ikaruka. Shadya alifunika uso kwa mtandio wake na kusema taratibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mwenzake wa pembeni alimshika bega bila kuuliza. Chini kila kitu kilikuwa cheupe, hakuna nyumba, hakuna njia, na yeye hakuwa na la kufanya ila kukaa na kulia. Kidogo kidogo akatulia. Angalau safari hii hakuna aliyemdanganya.

Shinyanga, Abdulhalim alikuwa bado anapiga, na simu bado haipatikani, pale dada yake alipofumbua macho kitandani na kuomba uji.

"Mwanangu umempata?" mama aliuliza. "Umemwambia daktari anasubiri figo yake?"

"Nimemwambia unaumwa tu, dada. Habari ya figo nimeona nimwambie akifika, asije akashtuka."