Kinu Chini ya Dirisha

Kinuni hamkuwa na nafaka. Mwalimu Mikaeli alichungulia dirishani akaona wazi: Mwanaima alikuwa anatwanga pumba zilezile za juzi, tena kwa nguvu, na shoga zake wawili wakipokezana naye mchi kwa mchi.

"Mwalimu, huyo ana kisirani tu," alisema Abdala, mume wa Mwanaima, kutoka dawati la mbele.

Mwanaima alikuwa ameomba kujiunga na darasa la jioni. Abdala akamkatalia, akamwuliza ugali utasongwa na nani. Basi mkewe akakileta kinu chini ya dirisha.

Na mtihani ulikuwa umekaribia. Mwaka ule ushirika wa kijiji cha Mtama ulitafuta karani wa mizani ambaye ni mwenyeji. Asipopatikana, angerudishwa yule wa mjini, aliyekuwa akiliinua kidogo gunia la mkulima kwa goti wakati wa kupima. Abdala alikwisha kuitangaza kazi hiyo kuwa yake, na watani zake wakamwita Bwana Karani kila alipopita. Ila jedwali la saba la kuzidisha lilikuwa linamshinda.

Mikaeli akaenda kulalamikia kelele za kinu kwa Maalim Abilahi, mwenye chuo cha Kurani cha jirani. Akamkuta huko Nikodemo, mwalimu wa kwaya, amekuja na lalamiko hilohilo. Watatu hao hawakuwahi kuketi pamoja. Kila mmoja aliamini elimu yake ndiyo mama wa elimu zote.

Lakini Maalim hakulalamika. Alisema tangu kinu kianze, watoto wake wanahifadhi upesi kuliko zamani, maana wanasoma kwa kuufuata mchi.

Nikodemo akagonga mkeka kwa vidole. "Wiki hii wanapiga saba, wanapumzika, wanapiga saba tena. Wiki iliyopita walipiga sita."

"Wiki iliyopita nilifundisha jedwali la sita," alisema Mikaeli. "Mungu ni mwema, mambo yamesadifiana yenyewe."

Wakatazamana, wakaanza kucheka. Kesho yake wakaziunganisha elimu zao: hesabu za Mikaeli, mahadhi ya Nikodemo, na desturi ya Maalim ya kusoma kwa sauti moja huku mwili ukiyumba. Wanaume wenye ndevu wakayumba na kuimba jedwali, kinu kikiwaongoza. Mikaeli akatoka nje kumsihi Mwanaima asiache kutwanga.

"Nitajitahidi, mwalimu," alijibu, macho chini.

Mtama ikalewa hesabu. Watu waliimba saba wakipalilia mikorosho. Nane ikaingia kwenye ngoma za harusi. Bibi mmoja alimbembeleza mjukuu kwa jedwali la tisa, na mtoto akalala kabla ya themanini na moja. Maalim alialikwa kwenye mazoezi ya kwaya, akaketi mlangoni akitikisa kichwa, na Nikodemo akala futari chuoni Ramadhani nzima.

Siku ya mtihani alikuja Bwana Elimu kutoka Lindi, Mwingereza mwenye Kiswahili cha vitabuni. Akaandika ubaoni, akasoma kwa sauti: nane mara saba. Abdala akafumba macho, akageuzia sikio dirishani. Nje mchi ukalia mara tano, ukatulia, ukalia tena mara sita.

"Hamsini na sita," alisema.

Ikawa hivyo kila swali. Wenzake wengi walifaulu, lakini yeye hakukosa hata moja, na Bwana Elimu akamsifu kwa jinsi anavyotafakari kabla ya kujibu. Kazi akaipata. Walimu watatu wakakumbatiana mbele za watu, na Mikaeli akalia kwa furaha, akimshukuru Mungu aliyewaonyesha njia kwa kelele za kinu.

Msimu wa korosho ukaingia. Mizani ya Mtama haikukosea hata ratili moja. Mwanaima, ingawa mimba ilikuwa kubwa, alikihamishia kinu chake kwenye ukuta wa ghala, palepale nyuma ya meza ya karani. Abdala alisema amefuata kivuli. Wakulima wakamsifu mwanamke anayempenda mumewe kiasi hicho.

Mwanaima alipojifungua, ushirika ulifungwa mpaka arobaini yake ilipotimia. Alipotoka, wakulima walikuwa wamekwisha kumwekea kiti kando ya mizani, na mchi wakamkabidhi Abdala.