Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Mama

Katika nakala ya maktaba, mchumba wa daktari anakufa kwa kifua kikuu. Katika nakala ya mama, anapona. Nilikuwa nikihesabu miisho ya riwaya pendwa za mapenzi kwa ajili ya tasnifu yangu, na kitabu kilikuwa kilekile.

Nikapapasa ukurasa wa mwisho wa nakala ya mama. Karatasi yake ilikuwa nzito kuliko nyingine.

"Baba, huu umeuchapa wewe?"

Baba, mchapaji mstaafu, alitazama mlango kwanza. "Mama yako alikuwa amelazwa na ugonjwa huohuo. Ningempelekea mwisho ule mwingine?"

Mama akaingia na chai. "Hicho nilikisoma wodini mpaka manesi wakanichoka. Kwenye tasnifu yako, mwisho wake umeandika nini?"

Baba akashika kikombe asinywe.

"Anapona, mama," nikasema, nikaandika hivyo.