Benchi la Kanisa

Nawe ulipita pale, ukauona ukuta wa darasa umeinama, ukageuza uso. Ni Mwalimu Tusekile aliyeuzuia kwa benchi refu la kanisa.

Leo mumewe, mzee wa kanisa, amekuja kulichukua.

"Mama Atupele, askofu anakuja. Wageni wake wakae chini?"

"Baba Atupele, watoto wamo ndani. Hata huyo Atupele wako yumo."

"Ukuta gani huo! Usiniaibishe mbele ya usharika."

Akalivuta. Udongo ukamwagika. Tusekile, aliyezoea kuitikia ndiyo nyumbani na kanisani, akauweka mgongo wake pale benchi lilipotoka.

"Tokeni polepole, wanangu, kama mnaingia kanisani."

Watoto wangali wanatoka. Wewe unayesoma, tupa karatasi hii, beba gogo, njoo sasa hivi!